Chembe za nano na tiba ya jeni: Safari ya dawa hadi ndani ya seli ya saratani

ELDORET, Kenya – Kando ya Barabara ya Nandi jijini Eldoret ipo Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi (MTRH), kimbilio la wagonjwa wa saratani kutoka sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya na kaskazini mwa Bonde la Ufa. Hospitali hiyo iliyoanza mwaka 1917 ikiwa hospitali ndogo ya wenyeji wakati wa ukoloni, leo hufanya kazi bega kwa bega na Chuo Kikuu cha Moi na mpango wa AMPATH, ulioanzishwa mwaka 2001 kukabiliana na Ukimwi kisha ukapanuliwa hadi kwenye saratani na maradhi mengine sugu.

Wagonjwa na jamaa zao wamekuwa wakisikia habari za tiba mpya ughaibuni: dawa zinazorekebisha jeni, zikisafirishwa mwilini ndani ya chembe ndogo kupindukia ziitwazo chembe za nano. Wapo wanaouliza iwapo tiba hiyo imefika nchini, na wapo matapeli walio tayari kuwauzia jibu. Makala haya yanaeleza tiba hiyo ni ipi, inafanyaje kazi, imefikia wapi, na ina maana gani kwa mgonjwa anayetibiwa Eldoret.

Kwa mujibu wa makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC) ya mwaka 2022, Wakenya zaidi ya 44,000 hupata saratani kila mwaka na zaidi ya 29,000 hufariki kutokana nayo. Takwimu hizo pekee zinatosha kueleza kwa nini habari yoyote ya tiba mpya hupokewa kwa hamu.

Saratani ni ugonjwa wa jeni

Mwili wa binadamu umejengwa kwa seli, na katika karibu kila seli mna maandishi ya urithi yaitwayo DNA. Sehemu ya maandishi hayo inayotoa agizo moja, kwa mfano la kutengeneza protini fulani, ndiyo jeni. Zipo jeni zinazoamuru seli igawanyike, na zipo zinazoizuia. Saratani huanza pale maagizo hayo yanapoharibika, seli ikawa inagawanyika bila breki.

Afrika Mashariki ina nafasi ya pekee katika historia ya elimu hii. Mwaka 1958, Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi katika Hospitali ya Mulago jijini Kampala, alieleza uvimbe wa taya uliowapata watoto wa eneo hili. Ugonjwa huo ulipewa jina lake, yaani limfoma ya Burkitt. Mwaka 1964 wanasayansi wa London, Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr, walichunguza vipande vya uvimbe vilivyosafirishwa kwa ndege kutoka Uganda, wakagundua ndani yake virusi ambavyo leo huitwa Epstein-Barr. Hivyo vilikuwa virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Baadaye ilibainika kwamba katika limfoma hiyo, jeni iitwayo MYC huhama kutoka mahali pake kwenye kromosomu ya 8 na kutua jirani na jeni za kutengeneza kingamwili, mara nyingi kwenye kromosomu ya 14. Ikiwa huko, MYC huamka na kufanya kazi bila kupumzika, na seli huzaana kwa kasi ya kutisha. Ugonjwa huu hupatikana zaidi katika maeneo yenye malaria nyingi, yakiwemo yale yanayozunguka Ziwa Victoria, na watoto wanaougua hupelekwa katika hospitali za rufaa za magharibi mwa Kenya, Eldoret ikiwa mojawapo.

Mfano wa pili ni saratani ya umio, yaani njia ya kupitisha chakula kutoka kooni hadi tumboni. Ukanda wa Afrika Mashariki na Kusini ni miongoni mwa maeneo yanayoathiriwa zaidi duniani, na Eldoret ilikuwa mojawapo ya vituo vya utafiti mkubwa wa IARC kuhusu chanzo cha ugonjwa huo, vituo vingine vikiwa nchini Tanzania na Malawi. Miongoni mwa mambo yaliyochunguzwa ni unywaji wa pombe, tumbaku na chai ya moto kupindukia. Katika sehemu kubwa ya saratani za umio za aina inayopatikana huku, jeni iliyoharibika ni TP53, inayotengeneza protini ya p53. Protini hiyo ni kama askari wa zamu: ikiona DNA imeharibika, huisimamisha seli isigawanyike au huiamuru ijiue. Askari huyo akishaondoka, seli mbovu hupita bila kukaguliwa.

Kutokana na maelezo hayo, wazo la tiba ya jeni ni jepesi kulieleza. Ikiwa jeni ya kuzuia imeharibika, seli ipelekewe jeni nzima. Ikiwa jeni ya kuchochea imepamba moto, ipelekewe kitu cha kuinyamazisha. Wanasayansi wanajua kutengeneza vitu vyote viwili. Kinachowashinda bado ni kuvifikisha panapohusika.

Mzigo bila chombo

Mkaazi wa Eldoret, mji uliokaa juu ya barabara kuu itokayo Mombasa kwenda Malaba, anafahamu kwamba shehena njema haina faida ikiwa lori halitafika. Ndivyo ilivyo kwa jeni.

DNA au RNA ikidungwa mwilini ikiwa tupu, vimeng'enya vya damu huikatakata kwa muda mfupi. Sehemu itakayonusurika huchujwa na figo na kutoka na mkojo. Hata ikiifikia seli, hukutana na mlango uliofungwa: molekuli za DNA na RNA hubeba chaji hasi ya umeme, na utando wa seli nao una chaji hasi kwa nje, hivyo viwili hivyo hukimbiana. Isitoshe, kinga ya mwili huitafsiri RNA ngeni kuwa ni dalili ya uvamizi wa virusi, ikaanza kuishambulia.

Wabebaji wa kwanza waliotumiwa ni virusi vyenyewe, kwa sababu kazi yake ya asili ni kuingiza jeni ndani ya seli. Virusi huondolewa sehemu zinazosababisha maradhi na kupakiwa jeni ya tiba. Njia hii imeleta mafanikio. Mwaka 2003, China iliidhinisha dawa iitwayo Gendicine, inayotumia virusi vya adeno kupeleka jeni ya p53 kwa wagonjwa wa saratani za kichwa na shingo. Mwaka 2015, Marekani iliidhinisha virusi vya malengelenge vilivyorekebishwa ili kutibu saratani ya ngozi iitwayo melanoma.

Hata hivyo, virusi vina gharama yake. Mwezi Septemba 1999, kijana wa miaka 18 alifariki nchini Marekani katika jaribio la tiba ya jeni la Chuo Kikuu cha Pennsylvania, baada ya kinga ya mwili wake kuvishambulia kwa ukali virusi vilivyobeba jeni. Miaka michache baadaye, watoto kadhaa waliotibiwa nchini Ufaransa kwa upungufu wa kinga wa kurithi walipata saratani ya damu, kwa sababu virusi vilivyotumika vilipachika jeni mahali pabaya katika DNA yao. Fauka ya hayo, virusi hubeba mzigo mdogo, huwa ghali kuzalisha, na mwili ukishavizoea huviangamiza vinapodungwa kwa mara ya pili. Ndipo watafiti wengi walipogeukia chombo kisicho na uhai.

Chembe ya nano ni nini?

Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni moja ya mita. Unywele wa binadamu una unene wa takribani nanomita 80,000 hadi 100,000, na seli nyekundu ya damu ina upana wa nanomita zipatazo 7,000. Chembe zinazotumika kubeba jeni kwa kawaida huwa na upana wa nanomita 100 hivi, ukubwa unaokaribiana na ule wa virusi vingi.

Chembe hizo hutengenezwa kwa malighafi mbalimbali: mafuta, polima zinazoyeyuka mwilini, au hata dhahabu. Zilizofanikiwa zaidi hadi sasa ni za mafuta, yaani lipidi. Chembe ya namna hiyo huwa na viungo vinne. Cha kwanza ni lipidi inayobadili chaji yake kulingana na asidi iliyopo, na ndiyo inayoishika DNA au RNA. Cha pili ni lipidi inayofanana na zile za utando wa seli. Cha tatu ni kolesteroli inayoipa chembe uimara. Cha nne ni lipidi iliyovikwa polima iitwayo PEG, ambayo huzuia chembe zisigandamane na kuzikinga zisitambuliwe upesi na walinzi wa mwili.

Chembe ikigusana na seli, seli huimeza kwa kuikunja ndani ya kifuko. Kifuko hicho huongezeka asidi kadiri muda unavyopita. Asidi hiyo ndiyo ufunguo: inapoongezeka, lipidi ya kwanza hupata chaji chanya, hujibana na ukuta wa kifuko na kuupasua, mzigo ukamwagika ndani ya seli. Kama mzigo ni mRNA, yaani RNA mjumbe, mitambo ya seli huusoma papo hapo na kutengeneza protini iliyoagizwa. Kama ni RNA fupi ya kunyamazisha, hutafuta agizo la jeni mbaya na kulikata. Kama ni DNA, bado ina safari moja: lazima iingie kwenye kiini cha seli.

Wakenya wengi wamekwisha kutumia teknolojia hii pengine bila kujua. Chanjo za Pfizer na Moderna dhidi ya Covid-19, zilizoanza kutolewa nchini mwaka 2021, zilikuwa ni mRNA iliyofungwa ndani ya chembe za nano za lipidi. Katalin Karikó na Drew Weissman, waliogundua namna ya kuirekebisha mRNA ili isichochee kinga kupita kiasi, walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2023.

Ni vyema pia kutofautisha mambo mawili. Si kila dawa ya nano ni tiba ya jeni. Dawa ya doxorubicin iliyofungwa ndani ya vifuko vya mafuta iliidhinishwa Marekani mwaka 1995 kwa saratani ya Kaposi, ugonjwa uliowaandama sana wagonjwa wa Ukimwi, wakiwemo wa Afrika Mashariki. Hiyo ni dawa ya kawaida ya saratani ndani ya chombo cha nano. Haigusi jeni yoyote kwa lengo la kuirekebisha.

Majaribio yamefikia wapi?

Mwaka 2010, kikundi kilichoongozwa na Mark Davis wa Taasisi ya Teknolojia ya California kilichapisha matokeo ya wagonjwa wa melanoma waliodungwa chembe za polima zilizobeba RNA ya kunyamazisha. Vipande vya uvimbe vilionyesha kwamba chembe zilifika na jeni iliyolengwa ilipunguza kazi. Ulikuwa ushahidi wa kwanza wa aina yake kwa binadamu, ingawa dawa yenyewe haikuendelezwa hadi kufika sokoni.

Mwaka 2012, watafiti wa Houston walieleza jaribio la kupeleka jeni ya TUSC2, mojawapo ya jeni za kuzuia uvimbe, kwa wagonjwa wa saratani ya mapafu ndani ya chembe za mafuta. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya dawa iliyopewa jina SGT-53, iliyobuniwa katika Chuo Kikuu cha Georgetown: jeni nzima ya p53 ndani ya kifuko cha mafuta kilichobandikwa alama ya kukiongoza kwenye seli za saratani. Yote mawili yalikuwa majaribio ya hatua ya kwanza, ambayo lengo lake kuu ni kupima usalama na kipimo kifaacho.

Jaribio linalowahusu zaidi wasomaji wa eneo la limfoma ya Burkitt ni lile la dawa ya DCR-MYC. Kampuni ya Kimarekani ya Dicerna ilianza mwaka 2014 kuwapa wagonjwa RNA ya kuinyamazisha jeni ya MYC, ikiwa ndani ya chembe za lipidi. Mwaka 2016 kampuni hiyo iliusitisha mradi kwa kuwa matokeo ya awali hayakufikia matarajio. Jeni ilikuwa sahihi na RNA ilikuwa sahihi, lakini hayo mawili hayakutosha kuipa kampuni tiba iliyoitarajia.

Kwa upande mwingine, chanjo za kutibu saratani zimepiga hatua. Kampuni za Moderna na Merck zilibuni chanjo ya mRNA inayotengenezwa mahususi kwa kila mgonjwa kulingana na mabadiliko ya jeni ya uvimbe wake. Katika jaribio la wagonjwa 157 wa melanoma waliokwisha kufanyiwa upasuaji, waliopewa chanjo hiyo pamoja na dawa ya kinga ya pembrolizumab walipungukiwa na hatari ya ugonjwa kurejea au kifo kwa asilimia 44, wakilinganishwa na waliopewa pembrolizumab peke yake. Matokeo hayo yaliwekwa hadharani mwishoni mwa mwaka 2022, na majaribio ya hatua ya tatu yakaanza mwaka 2023.

Kwa nini chanjo imetangulia, ilhali jeni ya p53 inajikokota? Sababu ni ya usafiri. Anayetaka kurudisha p53 hana budi kuifikia karibu kila seli ya saratani, kwani zitakazosazwa zitaendelea kuzaana. Mwenye chanjo hahitaji kuufikia uvimbe. Humtosha kuzifikia seli chache za kinga, kisha kinga yenyewe iliyofunzwa huusaka uvimbe mwili mzima.

Hadi mwishoni mwa mwaka 2024, mamlaka za dawa za Marekani na Ulaya zilikuwa hazijaidhinisha tiba yoyote ya jeni ya saratani inayobebwa na chembe za nano. Dawa ya kwanza ya RNA ya kunyamazisha ndani ya chembe za lipidi, patisiran, iliidhinishwa Marekani mwezi Agosti 2018, lakini inatibu ugonjwa wa kurithi wa neva unaotokana na protini inayotengenezwa kwenye ini.

Mizani ya ini

Kutajwa kwa ini hakukutokea kwa sadfa. Chembe nyingi za nano zinazodungwa kwenye mshipa huishia huko. Kama lori linavyolazimika kupita kwenye mizani, damu yote hupita kwenye ini, na seli za huko huzidaka chembe ngeni. Hii ni neema kwa anayetaka kutibu ini na kikwazo kwa anayetaka kutibu umio.

Kwa muda mrefu watafiti walitegemea ugunduzi wa Wajapani Yasuhiro Matsumura na Hiroshi Maeda wa mwaka 1986, kwamba mishipa ya damu ya uvimbe huwa na matundu, hivyo chembe huvuja na kubakia humo. Jambo hilo huonekana wazi kwa panya. Kwa binadamu hutofautiana sana kutoka mgonjwa mmoja hadi mwingine, na hata kati ya uvimbe na uvimbe katika mwili uleule. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2016, uliokusanya tafiti za wanyama za miaka kumi, ulionyesha kuwa kiasi cha kati cha chembe zilizofika kwenye uvimbe kilikuwa asilimia 0.7 tu ya zilizodungwa.

Zinazofika nazo hukabiliwa na kifuko kilichotajwa hapo awali. Utafiti wa mwaka 2013 ulikadiria kuwa ni asilimia 1 hadi 2 tu ya RNA ya kunyamazisha iliyobebwa na chembe za lipidi ndiyo iliyoponyoka kwenye vifuko na kuingia mahali pa kufanyia kazi. Iliyobaki husagwa. Aidha, baadhi ya watu hutengeneza kingamwili dhidi ya PEG, na hivyo dozi za baadaye huondolewa upesi au kuleta mzio.

Watafiti wanajaribu kuzikwepa mizani hizo kwa njia kadhaa: kubandika kwenye chembe alama zinazotambuliwa na seli za saratani, kubadili lipidi ili chembe ziende mapafuni au kwenye wengu badala ya ini, na kudunga dawa moja kwa moja ndani ya uvimbe au kiungo kinachofikika kama kibofu. Kwa uvimbe wa umio, unaoweza kufikiwa kwa kamera ya kupitishia mdomoni, njia hiyo ya mwisho inaeleweka kwa urahisi, ingawa haitazifikia seli zilizokwisha kusambaa mbali.

Kutoka kiwandani hadi Eldoret

Tuseme kikwazo cha ndani ya mwili kimeondolewa. Kingebaki kikwazo cha pili, nacho ni safari ya dawa kutoka kiwandani hadi kitandani.

Mwaka 2021 ulitoa funzo. Chanjo ya Pfizer ilihitaji kuhifadhiwa katika baridi ya takribani nyuzi 70 chini ya sifuri, na nchi nyingi za Afrika zililazimika kutafuta majokofu maalumu kabla ya kuipokea. Nchi hizo zilipata dozi zake baada ya mataifa tajiri kujihudumia kwanza. Kutokana na hali hiyo, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilianzisha mwaka 2021 kituo cha teknolojia ya mRNA jijini Cape Town, na mwezi Februari 2022 Kenya ilitajwa miongoni mwa nchi sita za kwanza za Afrika zitakazopokea ujuzi huo. Mwezi Machi mwaka huohuo, Moderna ilitangaza kuwa ingejenga nchini Kenya kiwanda cha thamani ya hadi dola milioni 500. Mwezi Aprili 2024, kampuni hiyo ilisitisha mpango huo, ikieleza kwamba mahitaji ya chanjo za Covid-19 barani Afrika yalikuwa yameporomoka.

Ujuzi wa kisayansi wenyewe si mgeni katika eneo hili. Profesa Hulda Swai, mwanasayansi wa Tanzania, alitafiti kwa miaka mingi dawa za nano za kifua kikuu akiwa Afrika Kusini, kabla ya kujiunga na Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela jijini Arusha. Kinachopungua ni viwanda, mitaji na maabara za kusoma jeni za uvimbe.

Suala la maabara ni zito. Tiba ya jeni haiwezi kutolewa kwa kubahatisha. Sharti kwanza kipande cha uvimbe kichunguzwe ijulikane ni jeni ipi iliyoharibika. Gharama nayo haijifichi. Tiba ya kwanza ya jeni kuidhinishwa Marekani, mwezi Agosti 2017, ambayo hutumia virusi kurekebisha seli za kinga za mgonjwa wa saratani ya damu, ilitangazwa kwa bei ya dola 475,000 kwa mgonjwa mmoja.

Yaliyopo tayari

Wakati tiba hiyo ikingojwa, ipo mizigo mingine iliyokwisha kutengenezwa ambayo bado haiwafikii wote. Katika nchi tajiri, zaidi ya watoto 9 kati ya 10 wenye limfoma ya Burkitt hupona kwa dawa za kawaida za saratani. Barani Afrika, wanaopona ni wachache zaidi, ingawa dawa za msingi, kama vile cyclophosphamide, vincristine na methotrexate, zimejulikana kwa miongo mingi.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu watoto wa saratani waliotibiwa MTRH kati ya mwaka 2007 na 2009 ulionyesha kuwa zaidi ya nusu waliacha matibabu kabla ya kuyakamilisha, na kwamba kuwa na bima ya afya kulihusiana na nafuu ya matokeo. Tangu wakati huo mambo mengi yamebadilika: Eldoret imepata Kituo cha Chandaria cha saratani na maradhi sugu, na mwezi Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilichukua nafasi ya bima ya zamani ya NHIF. Funzo la utafiti huo halijapitwa na wakati. Dawa isiyomaliziwa ni sawa na chembe iliyokwama kwenye kifuko.

Kinga pia ipo. Kenya ilianza mwaka 2019 kuwachanja wasichana dhidi ya virusi vya HPV, vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi. Kuhusu umio, IARC ilieleza mwaka 2016 kuwa vinywaji vyenye joto linalozidi nyuzi 65 huenda vikasababisha saratani hiyo. Kuiacha chai ipoe kidogo hakumgharimu mtu chochote. Na anayeona chakula kikikwama anapomeza asingoje miezi: wengi huchelewa hadi hawawezi kumeza hata uji.

Tahadhari kwa mgonjwa

Yeyote atakayeambiwa kwamba kuna tiba ya jeni au ya nano ya saratani inayouzwa mahali fulani, awe Eldoret au kwingineko, ana haki ya kuuliza maswali. Je, dawa hiyo imesajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu? Kama ni jaribio, limeidhinishwa na kamati ipi ya maadili, na lina kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu (NACOSTI)? Je, mgonjwa amepewa fomu ya ridhaa katika lugha anayoielewa, inayotaja madhara na haki yake ya kujiondoa wakati wowote? Kwa kawaida, jaribio halali halimuuzii mgonjwa dawa inayojaribiwa. Anayedai fedha taslimu na kuahidi uponyaji wa hakika hajafuata utaratibu huo.

Ni muhimu vilevile mgonjwa asiache matibabu aliyoyaanza kwa kungojea yajayo. Daktari wake ndiye wa kumwelekeza iwapo kuna jaribio linalomfaa.

Chembe za nano zimekwisha kuthibitisha kuwa zinaweza kuingiza maagizo ya jeni ndani ya seli za binadamu, na mamia ya mamilioni ya watu waliochanjwa ni mashahidi. Kilichobaki ni kuzielekeza kwenye uvimbe, na kisha kuzifikisha kwa mgonjwa mwenyewe. Kazi ya kwanza i mikononi mwa maabara za dunia. Ya pili inategemea bima, barabara, majokofu na wataalamu wa Kenya yenyewe, na haihitaji kungojea ugunduzi wowote ili ianze. Mtoto wa Turkana au Bungoma anayefikishwa Eldoret mapema na kumaliza dozi zake zote, ameshafaidi sehemu ya safari hiyo.